Kanga Hekaluni, Kasia Mtoni: Siku Nne Bali

Siku ya kwanza, Alhamisi

Tumetua Denpasar, mji mkuu wa kisiwa cha Bali, saa kumi jioni kwa saa za hapa, na mwili wangu bado uko Dar, saa tano asubuhi, unadai chai na mandazi. Dada ametoka Muscat, mimi Dar es Salaam, tukakutana Doha. Kutoka hapo tumekaa angani karibu saa kumi tukigombania dirisha vilevile kama tulivyokuwa tukigombania kwenye gari la Wete, kwetu Pemba, tukiwa wasichana wa skuli. Yeye ameshinda. Mkubwa ni mkubwa.

Kila mgeni analipa ada ya kisiwa, rupia 150,000, inatozwa tangu Februari 2024 na unaweza kuilipa kwa simu. Masufuri yasikutishe. Ukigawanya kwa sita hivi unapata shilingi za Tanzania. Dada, ambaye hesabu zake zote siku hizi ni za riali, alijaribu mara mbili, akachoka, akanikabidhi pochi nzima. Nimekuwa mhazini wa safari bila kuomba kazi.

Njiani kutoka uwanjani hatukuongea sana, tulikuwa tunasoma vibao. Magari yanapita kushoto kama kwetu, pikipiki ni nyingi kuliko kwetu, na maneno mengine unayaelewa bila mkalimani. Bendera ni bendera. Dunia ni dunia. Sabun, kertas, meja, nanas, waktu: sabuni, karatasi, meza, nanasi, wakati. Mwarabu na Mreno walipita kwao na kwetu. Mtu akikuuliza "apa kabar" anataka habari zako. Neno moja tu la kulishika mapema: babi si babu. Ni nguruwe, na hapa anachomwa mzima, anasifiwa kwenye mabango makubwa kabisa. Ukiwa Muislamu ulizia "halal" tu, hawakushangai. Bali wengi ni Wahindu lakini nchi yenyewe, Indonesia, imejaa Waislamu, na vibanda vyao vya chakula havikosekani.

Tumekula wali kwa kuku, pilipili ikatutoa machozi, tukalala.

Siku ya pili, Ijumaa

Ubud. Asubuhi nilitaka kutoka chumbani nikasita mguu ukiwa hewani. Kizingitini palikuwa na kisahani kilichosukwa kwa majani ya mnazi, yale machanga ya rangi ya ndimu, kimebanwa kwa vijiti vyembamba vya njiti. Ndani maua ya rangi nne, punje za wali, biskuti moja, na udi unafuka. Ni canang sari, sadaka ya kila siku. Wanaiweka mlangoni, dukani, kwenye dashibodi ya gari, hata juu ya pikipiki. Maua yana mpango wake: meupe mashariki, mekundu kusini, ya njano magharibi, na ya buluu au kijani kaskazini. Mwenye nyumba alisema kazi hiyo huianza kabla ya jua. Mpango wa biskuti hakuueleza, ila nilimwona kuku akiishughulikia.

Mchana wote ulikwenda kwenye kutafuta ziara. Kila kibanda cha barabarani kinauza "siku nzima binafsi": mto, mahekalu matatu, mashamba ya ngazi, kahawa, bembea ya kupigia picha, maporomoko, machweo baharini. Nilimuuliza kijana mmoja kama katika orodha hiyo kuna dakika ya kwenda msalani, akacheka, akapunguza bei. Sikuitaka bei, nilitaka pumzi. Mwisho tukamwendea dereva mwenye gari lake, tuliyeelekezwa na mwenye nyumba. Rupia 700,000 kwa saa kumi, mafuta ndani, na tunakwenda tunakotaka. Tukachagua vitu vitatu basi: hekalu la Gunung Kawi, hekalu la Tirta Empul, na kushuka mto Ayung kwa boti la mpira. Tiketi za mto ni mbali.

Yule dereva alituuliza swali moja ambalo vibanda vyote havikuuliza: tuanze na nini? Karatasi zote zilisema mto asubuhi. Yeye akasema, mkianza na mto mtaingia hekaluni mmelowa, miguu inatetemeka, saa ambayo mabasi yote yamefika. Mahekalu kwanza, wakati wa ukungu. Mto haufungwi na watu.

Jina lake lenyewe linakwambia ni wa ngapi kwao. Mtoto wa kwanza huitwa Wayan, wa pili Made, wa tatu Nyoman, wa nne Ketut, na akizaliwa wa tano wanarudi mwanzo. Huyu ni wa nne. Tukawa tunamwita Bli, yaani kaka, kama alivyotufundisha. Dada akamwambia kwetu Pemba wa mwisho huitwa kitinda mimba, akalirudia neno mara tatu mpaka likakaa.

Siku ya tatu, Jumamosi

Saa kumi na mbili na nusu Bli yuko nje, gari linanukia udi, sadaka iko kwenye dashibodi. Mashamba ya mpunga yamefunikwa na ukungu mpaka magotini.

Hekaluni huingii miguu wazi. Lazima ujifunge kitambaa kiunoni mpaka chini, na juu yake mkanda. Wanakuazima getini, lakini sisi tulikwenda na kanga zetu. Mtu wa pwani hasafiri bila kanga. Mama wa getini Gunung Kawi alinitazama kiunoni, akashika pindo, akalisugua kwa vidole viwili kama anapima kitambaa dukani. Kisha akaona maandishi. Akamuuliza Bli, Bli akaniuliza mimi: hapa pameandikwa nini? Nikamwambia: Mgeni njoo mwenyeji apone. Ikachukua muda. Kiswahili kikaenda Kiingereza cha kuombaomba, kikaenda Kibali, na yule mama akacheka kwa sauti akanipiga begani. Kanga ikakubaliwa. Mkanda wa njano akanifunga yeye mwenyewe, akaukaza kuliko ilivyohitajika.

Baadaye nilijua kwa nini alicheka hivyo. Kutoka getini ni ngazi. Ngazi karibu 300 za mawe, kwenda chini korongoni, na za kurudi ni zilezile.

Lakini chini huko, jamani. Ukuta wa mwamba umechimbwa vishubaka virefu, na ndani ya kila kishubaka umeachwa mnara uliochongwa kwenye mwamba huohuo, haukujengwa, una paa la madaraja na mlango usiofunguka. Kimo ni kama mita 7. Vitano viko upande wa mashariki wa mto, vinne vinavitazama kutoka ng'ambo, na cha kumi kimejitenga peke yake. Ni kazi ya karne ya 11, ya ukoo wa mfalme Udayana, na huhusishwa zaidi na mwanawe Anak Wungsu. Si makaburi, ingawa ukiviona utaapa ni makaburi. Ni kumbukumbu za wafalme waliokwisha kuwa miungu. Wenyewe husimulia kwamba jitu moja, Kebo Iwa, lilivichonga vyote kwa kucha, usiku mmoja. Dada ni muuguzi miaka kumi sasa. Alitazama juu, akatazama kucha zake, akasema, "Huyo alikuwa hana upungufu wa madini mwilini."

Hakukuwa na watu zaidi ya mfagiaji na sisi. Sauti ilikuwa ya maji tu. Kati ya kuta mbili unapita mto Pakerisan, na kila mahali pembeni kuna mfereji, mdogo, unaotembea kwa adabu kuelekea kwenye mashamba. Hapo ndipo Bli alipochangamka. Historia ya wafalme aliisema kama mtu anayesoma tangazo. Ya maji aliisema kwa mikono miwili. Wakulima wanaonyweshea kutoka chanzo kimoja wako katika chama chao, subak. Wana hekalu lao la maji, wanakutana, wanakubaliana nani apande lini na nani asubiri, ili wa juu asimkaushe wa chini. Mwaka 2012 UNESCO iliyaingiza mashamba haya katika urithi wa dunia, na bonde hili la Pakerisan limo. Nilimwambia kwetu Wachaga kule Kilimanjaro wana mifongo, mifereji ya ukoo inayoshuka mlimani, na mtu akifungulia maji siku isiyo yake anakutana na wazee. Akauliza, wazee wanamfanya nini? Nikasema faini. Pombe, na pengine mbuzi. Bli akatikisa kichwa kwa kuridhika kabisa, kama niliyemjibu swali la mtihani.

Ngazi za kupanda sizisimulii. Tulisimama mara tano, na mara ya tatu dada aliitisha nazi ya kunywa, akakaa juu ya jiwe kama bibi harusi anayesubiri kuombwa.

Tirta Empul si mbali, ni juu kidogo tu ya bonde hilohilo, na maji yanayopita miguuni mwa wale wafalme wa mwamba yanatoka hapa. Hekalu limewekwa juu ya chemchemi mwaka 962. Ukienda uani nyuma ya madimbwi unaiona chemchemi yenyewe: bwawa safi, mchanga mweusi chini, na mchanga huo unachemka. Hauchemki kwa moto. Maji yanausukuma kutoka chini, unafumuka, unatulia, unafumuka pengine, kama uji mzito unaokaribia kuiva. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pote safarini.

Hadithi yake ni ya vita. Mfalme Mayadenawa, mjuzi wa uchawi, aliwatilia sumu majini askari wa mungu Indra. Indra akaitoboa ardhi, yakatoka maji ya uzima, askari wakafufuka. Kwa hiyo watu huja kujitakasa. Ibada yenyewe huitwa melukat. Wanaingia dimbwini wamejifunga vitambaa, maji kiunoni, wanapita bomba moja baada ya jingine kutoka kushoto, wanainamisha kichwa chini ya kila moja, wanasugua uso, wanasali. Mabomba mawili wanayaruka. Hayo ni ya wafu. Nilimwona Mzungu mmoja ameinamisha kichwa hapohapo, kwa furaha zake, na mwanamke wa Kibali nyuma yake akamshika kiwiko taratibu, akamsogeza, bila neno.

Sisi hatukuingia. Ni Waislamu, na ile ni ibada ya watu, si bwawa la kuogelea. Nilikuwa na wasiwasi Bli atalichukuaje, kwa sababu mashirika yote huliuza dimbwi hilo kama kilele cha siku. Akasema tu, "Kaeni hapa, mnaona vizuri." Tukakaa kwenye kivuli, kanga kiunoni, dada na hijabu yake, na hakuna aliyetugeukia. Getini pana kibao kinachowataka wanawake walio katika siku zao wasiingie, na dada akasema kwa sauti ya chini kwamba hilo nalo angelielewa hata lisingeandikwa.

Mlimani juu ya hekalu kuna nyumba ya serikali aliyoijenga Sukarno, rais wa kwanza wa Indonesia. Bli alisema wazee wana maneno yao kuhusu kwa nini alipenda kiwanja kinachotazama madimbwi ya kuogea. Akaishia hapo, kaka wa watu.

Saa saba tukala, wali na samaki, haraka.

Sasa mto. Niseme ukweli kwanza: mtu aliyeshuka Nile pale Jinja ataucheka Ayung. Ni mto mrefu kuliko yote Bali, lakini mikondo yake ni ya daraja la pili na la tatu, na sisi tulikwenda Agosti, kiangazi, maji yamepungua, mawe yametoa vichwa. Kwa watu wawili wa kisiwani ambao wamezoea maji ya chumvi yanayokuja na kurudi kwa ratiba, ilitosha sana.

Malalamiko yangu ni moja. Tuliahidiwa boti letu wenyewe. Ndilo neno "binafsi" lilikuwa linauza siku nzima. Pale mtoni tukapangwa na mtu na mkewe tusiowajua, na mwenye daftari akatueleza kwamba binafsi ni gari. Mto ni wa wote. Nilikasirika kama dakika kumi. Kisha nikavalishwa jaketi okozi lililolowana na jasho la mtu wa asubuhi, hasira ikahamia huko.

Na ngazi, tena! Mamia, kushuka korongoni, kasia mkononi, kofia ngumu kichwani. Ya dada ilivaliwa juu ya hijabu na ikambana vizuri kuliko yangu.

Nahodha alikuwa kijana mwembamba mwenye mikono ya mvuvi. Mafunzo yalichukua muda wa kufunga kiatu. "Maju!" piga kasia mbele. "Mundur!" rudisha nyuma. "Bum bum!" acha kila kitu, shika kamba, tunagonga jiwe. Bum bum ilikuwa nyingi. Kiangazi boti halipiti katikati ya mawe, linayapanda, linakwama, na nahodha anaruka makalio yake kwenye ukingo mpaka linateleza. Kuta za korongo ni kijani kitupu, maji yanadondoka kutoka juu kama mapazia, na mahali fulani mwamba umechongwa picha za Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu, ndefu, nzuri, za siku hizi tu. Baada ya Gunung Kawi zilinionekea kama sebule iliyopakwa rangi jana.

Dada hakutaka kabisa kuja mtoni. Alikuja kwa sababu mimi nililipa. Kwa hiyo ilikuwa haki, nadhani, kwamba aliyeanguka niwe mimi. Tulikwama, boti likageuka mgongo, nikasikia "bum bum" nikainua mkono niiweke sawa kofia. Mkono huohuo uliotakiwa kushika kamba. Kilichofuata ni kijani. Maji ya Ayung hayana chumvi na yana ladha ya majani, hilo naweza kulithibitisha kwa kipimo cha nusu lita. Jaketi lilinivuta juu, kichwa kikatoka, na jambo la kwanza nililoliona ni uso wa dada yangu, mdomo wazi mpaka magego, anacheka. Nahodha alinishika mabega ya jaketi, akanichovya chini kidogo kama mandazi kwenye chai, akanitupa ndani. Kumbe ndivyo wanavyofanya. Unamchovya mtu ili boya limrushe juu. Nilidhani ni adhabu.

Dada alicheka saa iliyobaki yote. Aliacha kushika kamba kwa mikono miwili, akashika kasia, na "maju" ilipoitwa akawa anaikariri kwa sauti kama nyimbo za kuvuta jarife. Yule mwanamume tusiyemjua akaanza kumwitikia. Nikafikiri, boti letu peke yetu lingekuwa kimya mno.

Picha tuliuziwa juu, baada ya ngazi nyingine. Katika picha ya anguko langu mimi ni viatu viwili.

Bli alikuwa anasubiri karibu na gari, anavuta. Nilikuwa natetemeka, nimejifunga kanga mbichi, na upepo ukaniletea harufu ambayo iliniondoa Bali kabisa. Karafuu. Sigara zao, kretek, zina karafuu ndani ya tumbaku, zinalia tititi zikiungua. Nikajikuta uani kwa bibi, Pemba, mikeka imetandazwa, watoto tumekaa tunachambua, karafuu huku, makonyo huku, vidole vyeusi wiki nzima. Nikamwambia Bli. Hakujua Pemba ni wapi, lakini Zanzibar alilijua jina, kwa sababu ya karafuu hasa. Kuna wakati viwanda vya sigara vya Indonesia vilikuwa wateja wakubwa wa karafuu zetu. Na mche wenyewe kwa asili unatoka visiwa vya Maluku, hukuhuku, ukafika Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19. Ulitoka kwao ukaja kwetu, bibi akaukausha, ukarudi kwao kuvutwa. Dada alifungua mlango wa gari akasema tuondoke kabla sijaomba pafu moja.

Siku ya nne, Jumapili

Sanur, pwani. Leo hakuna ziara. Magoti hayakunjiki, nimeshuka kitandani kwa ubavu, na dada amekubali kwamba mapaja yake ni ya mtu mwingine. Juu ya bahari mbingu imejaa tiara, kubwa ajabu, nyingine zinabebwa na wanaume kumi. Agosti ni msimu wa upepo.

Mchana tulijikokota mpaka zilikoegeshwa jukung, mashua zao za kuvulia. Pua imechongwa mdomo, ina macho mawili makubwa yaliyopakwa rangi ili ione usiku. Lakini mimi sikutazama macho. Kila upande wa chombo kuna boriti nyembamba imefungwa kwa miti miwili iliyopinda, isigeuke kwenye mawimbi. Ngalawa! Ngalawa kamili, imevaa sura ya samaki. Wajuzi wa vyombo husema mtindo huu ulivuka bahari kutoka visiwa vya huku kuja kwetu zamani sana. Babu alikuwa na moja, Wete.

Mzee alikuwa anashona wavu chini ya mti. Nikaigusa ile boriti nikamuuliza kwa mkono. "Cadik," akasema, inatamkwa chadik. Nikamwambia, "Mrengu." Akajaribu, r ikamtoka vizuri kuliko yangu. Akagonga kamba iliyoifunga, akanitazama, yaani kwenu mnafunga hivi? Nikataka kuchuchumaa nioneshe fundo la babu linavyopita chini. Magoti yakakataa. Dada akanipokonya kamba, akakaa mchangani miguu mbele, akaanza kufunga.